Sindano na Saplai Kuukuu

12 Januari

Shemeji Mzee Waya,

Salamu nyingi kwako na kwa mkeo. Sisi wazima, ila saplai ya redio ya kaka yako, lile sanduku la kuilisha umeme, imekufa, na imekufa kwa fujo. Nimekupigia simu mara chungu nzima. Kila mara anapokea mkeo: mara umelala, mara uko bafuni, mara umetoka kununua misumari. Mtu gani ananunua misumari kila siku? Unajenga safina? Basi nimesukuma vitambaa pembeni ya cherehani, nakuandikia barua kama enzi za uchumba.

Jambo lenyewe ni hili. Tangu tumzike kaka yako sikuigusa redio yake, mpaka nilipoanza kusomea mtihani wa leseni ya kuongea hewani. Ndiyo, mtihani, usicheke. Nimefaulu, na kwenye ufunguo wa kugongea herufi nimegonga nukta na vistari mpaka msimamizi akavua miwani kunitazama. Ofisi ya mawasiliano wameniambia zile herufi za kaka yako, alizokuwa anajiitia hewani maisha yake yote, naweza kuzirithi mimi mkewe. Ila kuna sharti. Kabla mwezi wa tatu haujaisha, mkaguzi aje nyumbani akute kituo kinafanya kazi na hakina hatari ya kuua mtu. Nikishindwa, herufi zinarudi kabatini kwao, na yeyote atakayeomba anapewa. Mimi sitaki. Nimelala nyumba hii miaka yote nikisikia dunia inamwita kwa herufi zile, sitaki kuja kusikia mtu mwingine anaziitika.

Basi nikawasha saplai. Namshukuru Mungu redio yenyewe nilikuwa bado sijaiunganisha. Ikavuma, ikanuka samaki aliyechacha, ikatoa moshi. Nikaipeleka kwa fundi wa kibanda cha buluu hapa mtaani. Akanirudishia akisema imepona kabisa. Nilipochungulia mahali pa fyuzi, fyuzi hakuna! Amezungushia uzi wa shaba alioutoa kwenye waya wa pasi. Namuuliza, ananijibu bila hata aibu, "Mama, fyuzi zinasumbua, hiyo haikatiki kamwe." Nilimnyang'anya mzigo wangu nikaondoka bila kuaga.

Wewe umekula ujana wako kwenye mitambo ya redio ya uwanja wa ndege. Niambie nifanyeje. Au jamani, nipigie.

Shemeji yako,
Sindano


20 Januari

Shemeji Sindano,

Barua yako nimeisoma nimesimama. Kwanza, chomoa plagi. Sikusema uzime swichi, nimesema chomoa, na plagi uining'inize mahali unapoiona. Pili, usiiguse saplai hiyo. Kwenye nguo wewe ni moto wa kuotea mbali, hakuna anayebisha, lakini lile sanduku si gauni kwamba ukikosea utafumua. Tafuta fundi wa kweli, mtu mwenye subira, umpe barua hii aisome mwenyewe.

Hongera kwa mtihani. Nimecheka, ndiyo, kicheko cha furaha, mpaka mke wangu akaja kuuliza kulikoni. Kaka alikuwa akisema hewani wamejaa wazee wenye porojo, siku atakayotokea mwanamke mwenye mkono mwepesi wote watanyooka. Laiti angekuwepo.

Sasa fundi wako anisikilize. Kazi ya saplai ni kuchukua umeme mkali wa ukutani na kuushusha mpaka volti kumi na tatu na kitu, ambazo ndizo redio inazila. Hiyo ya kaka ilitengenezwa enzi ambazo watu walikuwa hawaogopi kufa. Waya wake una nyuzi mbili tu, hauna erthi, ule uzi wa tatu wa kupeleka ardhini umeme uliovuja. Umeme wa ukutani ukivuja ukagusa bati la nje, sanduku zima linakuwa na moto, na atakayelishika ndiye atakayekuwa njia ya kwenda ardhini. Fyuzi umeona mwenyewe walivyoifanya.

Ndani kuna kapasita kubwa, imesimama kama mkebe wa maziwa ya unga. Hata plagi ikichomolewa, ile inabaki na chaji. Haitamuua, lakini bisibisi ikidondokea ncha zake mbili itaruka cheche, na pete ikigusa pale kidole kitaiva. Kwa hiyo avue pete. Aimalizie chaji kwa balbu ya gari, halafu apime kwa mita mpaka aone sifuri. Asikisie.

Linaloniuma zaidi ni zile transista za nyuma. Hizo ndizo zinazoshika breki. Zikifa vibaya, volti ishirini na zaidi zinaingia kwenye redio kwa mkupuo, na redio ya kaka haina mwenzake wa kununua popote. Kwa hiyo redio isiunganishwe mpaka mimi niseme.

Simu usijisumbue. Simu yangu mbovu, inakoroma tu.

Mzee Waya


29 Januari

Shemeji,

Fundi nimempata. Mtu makini, mkono wake hautetemeki, na anakaa karibu, tena karibu sana. Barua yako ameisoma mpaka ameikariri. Alivua pete kama ulivyoagiza. Ilikataa kutoka, haijawahi kutoka tangu siku ya harusi, ikabidi apake sabuni na alie kidogo. Usimcheke, ni mtu wa hisia.

Balbu ya gari aliiunganisha kwenye kapasita. Ikawaka taratibu, ikafifia, ikazimika. Mita ikasema sifuri. Ndipo akaanza kazi. Kapasita imevimba kichwa na imetoa maji ya kahawia, hiyo ndiyo iliyonuka samaki. Lakini kilichotutia baridi si hicho. Pale waya wa ukutani unapoingia kwenye tundu la bati, ule mpira wa kuuzuia usikwaruzwe umekatika zamani. Bati limekuwa linautafuna waya miaka na miaka. Shaba inaonekana. Ilikuwa imebaki nafasi ya kupitisha kipande cha karatasi, basi. Na kaka yako alikuwa anaegemeza kiwiko chake pale pale kila jioni akigonga ufunguo! Nilitoka nje nikapunga hewa.

Kwa kuwa sanduku lote lilikuwa na kutu, fundi amelisugua kwa msasa mpaka likang'aa, kisha akalipaka rangi ya kijani kilichokolea, mara mbili, nje na ndani. Fundi huyu hapendi kazi ambayo nje maridadi halafu ukigeuza ndani nyuzi zinaning'inia. Imependeza ajabu.

Sasa lingine. Jana nimezungumza na mkeo kwa simu hiyo hiyo yako, dakika nyingi tu, na sikusikia mkoromo wowote. Kama kuna neno moyoni, shemeji, liseme. Mimi si wa kuzungushwa.

Sindano


30 Januari

Shemeji,

Sijapata jibu lako bado, lakini muda hautusubiri, hivyo natanguliza kifurushi na barua hii ndani yake. Mke wangu atakipeleka kwenye gari la mizigo kesho asubuhi.

Utakuta kapasita mpya. Utakuta rezista nene ya kauri: ifungwe sambamba na kapasita, ili kila saplai ikizimwa chaji ijimalize yenyewe, tusiachiane mitego. Kuna waya mpya wa nyuzi tatu na plagi yake, mpira wa tundu, na kishikio cha fyuzi. Fyuzi ikae kwenye waya wa moto, sio kwenye ule mwingine. Kibao kidogo chenye kijani na shaba nimekitengeneza kwa mikono yangu, nimekijaribu hapa mezani. Hicho ni mlinzi. Kinakaa mlangoni pa kutokea, na volti zikizidi kumi na tano kinazipiga chini na kukata fyuzi ya pili kabla redio haijajua kumetokea nini.

Waya wa erthi, ule wenye kijani na njano, ufungwe kwenye bati kwa bolti na washa yenye meno, ile pete ya chuma inayong'ata bati. Kabla ya kufunga, akwangue kutu yote mpaka bati ling'ae. Akishamaliza, mita iwekwe ncha moja kwenye pini ya erthi ya plagi, ncha nyingine kwenye bati. Lazima ilie. Isipolia, saplai isichomekwe ukutani.

Mwisho kuna kisanduku chenye balbu ya nyuzi, ile ya zamani ya wati mia. Saplai ichomekwe humo, halafu kisanduku ndicho kichomekwe ukutani. Balbu ikimulika kidogo na kufifia, mambo mazuri. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, ndani kuna kosa, chomoa upesi.

Fundi wako hana jina? Mbona unamficha kama mchumba?

Mzee Waya


11 Februari

Shemeji,

Kifurushi kilifika salama, na nimekaa wiki nzima mezani kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Ndiyo, mimi. Fundi ni mimi. Najua utafoka, foka, lakini barua hii ina mengine na nataka uyasome yote.

Kapasita nimefunga. Rezista nimefunga. Solda mwanzoni ilikuwa inakusanyika kama uji uliopoa, halafu nikagundua nilikuwa napasha solda badala ya kupasha waya. Baada ya hapo ikawa inatiririka yenyewe. Kila ncha ya umeme wa ukutani nimeivika mpira, kila waya nimeufunga pamoja na wenzake kwa uzi wa nta. Ukifungua utafikiri koti la bwana harusi.

Nikaunganisha kisanduku cha balbu, nikachomeka ukutani. Balbu ikamulika, nikashika roho mkononi, halafu ikafifia taratibu mpaka ukabaki wekundu kidogo tu. Nilipiga vigelegele peke yangu! Wateja wawili waliokuja kupimwa walidhani kuna harusi. Nikaweka kiganja juu ya sanduku, nikausikia mvumo wa transfoma unapita mkononi, mdogo, sawasawa, mpaka kwenye kiwiko.

Ndipo nikakumbuka mita. Nikachomoa plagi, nikaweka ncha moja kwenye pini ya erthi na nyingine kwenye bati. Kimya. Nikahamisha, nikakandamiza. Kimya kabisa.

Shemeji, erthi ilikuwa haishiki popote. Ulisema akwangue kutu, na mimi kutu nilishaikwangua zamani, kabla ya kupaka rangi, kwa hiyo nilipofika pale kwenye barua nilisema hilo tayari, nikafunga bolti juu ya rangi yangu nzuri ya mara mbili. Rangi haipitishi umeme. Nilikuwa nimeshika kwa mkono mtupu sanduku ambalo erthi yake ni pambo. Kama ule waya wa zamani ungekuwa bado umo, leo mngekuwa mnakunja mikeka ya matanga.

Nilikaa sakafuni. Kisha nikainuka nikachukua msasa, nikaikwangua rangi yangu mduara mzima kuzunguka tundu, ndani na nje, mpaka bati likameremeta. Iliniuma kama kukata kitambaa kizima. Nikafunga upya na washa yenye meno. Mita ikalia. Haijawahi kulia sauti tamu kama ile.

Sasa jibu hili kama mwanaume. Una hasira na mimi? Wakati wa kugawana vitu vya kaka yako ulitazama redio, nikaona ulivyoitazama, na mimi nikasema inabaki kwangu. Tangu siku ile sijasikia sauti yako. Kama ndicho kinachokufanya ukimbie simu, sema wazi, maana naumia.

Sindano


19 Februari

Shemeji yangu,

Nianze kwa kufoka, kama ulivyoniruhusu. Mita kwanza, moto baadaye! Kwanza, shemeji, sio ukikumbuka! Barua yako imeninyima usingizi. Ila na mimi nimekosa. Nilipoandika kutu nilikuwa sijajua kuna rangi, barua yako ya kupaka rangi ilikuja wakati kifurushi kimeshaondoka. Tumepishana njiani. Yaliyopita tuyaache, lakini kuanzia leo hakuna kuchomeka kitu bila mita.

Kuhusu fundi, nilijua tangu ile pete ya sabuni. Hakuna fundi wa mtaani anayelia akivua pete. Nikaamua kunyamaza, maana nikikukataza ungefanya vilevile halafu ungeacha kuniuliza.

Sasa la simu. Sina hasira na wewe hata chembe. Redio ilikuwa ya kukaa pale ilipo. Niliitazama vile kwa sababu nilikuwa naiaga. Shemeji, mimi sisikii. Ilianza na mlio masikioni, kama birika linalochemka chumba cha pili, halafu kila kitu kikaenda kikififia. Siku ya mazishi nilikuwa nafuata midomo ya watu. Sasa hivi hata midomo haisaidii, sikio moja limekufa na la pili linafuata. Daktari amesema vifaa vya kuvaa havitasaidia tena. Mke wangu ananiandikia kwenye ubao wa mtoto.

Nimeficha kwa aibu tu. Wewe unajua kaka alikuwa ananiitaje mbele ya wenzake: sikio la familia. Nilikuwa namsikia mtu wa upande wa pili wa dunia ndani ya kelele ambazo wengine walisikia mvua tupu. Ningeanzaje kukuambia kwamba sikio la familia halisikii hodi mlangoni? Redio yangu nimeifunika kitambaa cha meza. Tumeweka juu yake chombo cha maua.

Basi, umeshajua, na nimejisikia mwepesi. Turudi kazini. Toa kisanduku cha balbu, chomeka saplai moja kwa moja, ila kwenye mdomo wa kutokea unganisha taa kubwa ya gari, ili saplai ibebe mzigo kabla ya kukabidhiwa redio. Iache iwake. Pima volti. Uso wako uuweke mbali.

Mzee Waya


27 Februari

Shemeji,

Barua yako niliisoma nikalia, halafu nikakasirika, halafu nikalia tena. Aibu ya nini kwangu mimi? Mimi niliyekufulia mashati ulipokuja kusoma na kuishi kwetu? Mkeo nimemsema kwenye simu mpaka amenyamaza. Amesema ulimwapisha. Haya, yamekwisha, lakini siku nyingine ukinificha jambo kama hilo nitapanda gari nije nikufinye.

Na mimi nina habari mbaya. Nimefanya ulivyosema. Mita kwanza, erthi ikalia, nikachomeka. Taa ya gari ikawaka chumba kizima kikawa mchana. Volti kumi na tatu nukta nane, hazisogei. Nilikuwa tayari kukuandikia ushindi. Nikarudi kwenye cherehani, nikashona pindo moja, la pili, ghafla ndani ya sanduku, pa! Taa ikazimika. Fyuzi ya pili imekuwa nyeusi. Nikachomoa, nikaweka fyuzi nyingine, nikawasha, pa! tena.

Nimeshaiharibu, shemeji. Sijui nimegusa nini. Nimepitia kila ungio kwa mita na kwa miwani ya kusomea, sioni kosa langu, na hilo ndilo linaniogopesha. Mkaguzi anakuja katikati ya mwezi ujao. Naanza kufikiri niwarudishie tu herufi zao kabla hawajanicheka. Niambie ukweli usinibembeleze.

Sindano


4 Machi

SHEMEJI!

Hongera! Hongera mara mia! Umeshinda na wewe unakaa chini kulia!

Hujaharibu kitu. Zile transista za nyuma ni za zamani, zilikuwa zinangoja siku yao, na zikapata joto zikafa vile vibaya nilivyoogopa tangu barua ya kwanza. Volti ishirini na kitu zikakimbilia mlangoni, zikamkuta mlinzi wetu, akazipiga chini, fyuzi ikakatika. Umeweka fyuzi nyingine, ametenda kazi ile ile. Tena bila kuchelewa, maana angechelewa taa ingewaka kwa mwanga mkali kabla ya kuzima. Umesema ilizimika tu. Ilizimika tu! Nimesoma mstari huo nikapiga meza mpaka chombo cha maua kikaanguka.

Unaelewa? Kama redio ya kaka ingekuwa pale badala ya taa, isingedhurika hata kidogo. Hakuna jaribio ningeweza kukupangia likawa bora kuliko hilo. Na kila ungio ulilolehemu limestahimili.

Ndani ya bahasha hii kuna transista nne mpya na vile vipande vyembamba vya kukaa kati yake na bati. Vipake mafuta meupe pande zote mbili, kaza skrubu, halafu hakikisha kwa mita kwamba transista haigusani na bati. Ukimaliza, rudia taa ya gari kuanzia asubuhi mpaka jua lizame. Ikipita hapo, unganisha redio. Nimesema. Ruhusa imetoka.

Mzee Waya mwenye furaha


16 Machi

Shemeji yangu,

Kaa kitini. Umekaa? Herufi ni zetu!

Taa ya gari ilipita siku nzima bila kupepesa, na siku iliyofuata nikaunganisha redio. Ikaamka kama haikuwahi kulala. Mkaguzi alifika jana. Bwana mnene, mkoba mkubwa, sura ya mtu aliyekuja kukuta makosa. Hakutaka hata chai. Kwanza akavuta waya wa ukutani kwa nguvu zote, nilidhani ataibeba saplai. Haukusogea. Akatoa mita yake mwenyewe, akapima erthi, akanuna, akapima tena. Akasema nifungue mfuniko.

Shemeji, nilifungua kama ninavyomfungulia bibi harusi sanduku la nguo. Aliinama pale muda mrefu nikawa nasikia anavyopumua. Akagusa nyuzi za nta kwa kalamu. Akaona mduara wa bati linalong'aa katikati ya rangi ya kijani kuzunguka bolti ya erthi, akauliza, "Hapa kumetokea nini?" Nikamwambia hapo ndipo niliponusurika kufa kwa kupenda urembo. Akacheka! Yule bwana akacheka mpaka mkoba ukadondoka. Akauliza kibao kile kidogo kimefanywa na nani. Nikasema shemeji yangu. Akauliza na haya mengine yote? Nikasema mimi. Akanitazama, akatazama cherehani, akanitazama tena.

"Mama," akasema, "nimekagua vituo vya watu wengi. Ndani ya masanduku yao huwa nafumba macho. Leo nimeyafumbua." Akasaini pale pale juu ya meza ya kukatia, akanipa mkono, kisha akaomba chai.

Tangu aondoke ufunguo umekaa mbele yangu na sijaugusa. Najua wako wengi wanaongoja kuisikia sauti ya kituo kile tena, lakini sitaita mtu yeyote kabla yako. Usiniambie husikii, hilo nimeshalisikia. Ondoa maua na kitambaa. Jumamosi, saa nne asubuhi, pale pale hewani mlipokuwa mnakutana wewe na kaka yako, washa redio yako, fungua sauti mpaka mwisho, weka vidole juu ya spika. Mimi mvumo wa saplai niliupata kwa kiganja kabla ya sikio. Nukta ni fupi na kistari ni kirefu, mkono utazitambua. Nitagonga polepole. Nitakungoja.

Sindano


[Kadi ya kuthibitisha mawasiliano]

Tarehe: 22 Machi. Saa: nne na dakika sita asubuhi.
Usomekaji: tano kwa tano.
Nguvu ya mawimbi: tisa kwa tisa. Sindano ya kipimo cha redio ilisimama mwisho ikakataa kurudi.
Usafi wa sauti: tisa kwa tisa. Hiki sikuweza kupima mwenyewe, nikamkalisha mke wangu asikilize. Anasema hakuna mkoromo hata kidogo, inalia kama filimbi. Hiyo ni saplai yako, shemeji. Sauti safi namna hiyo inaanzia kwenye saplai.

Maelezo: Saa nne ilipita, sikuhisi kitu, nikataka kuzima. Mke wangu akanishika bega, akaonyesha spika. Nikakandamiza vidole. Kisha zikaja. Fupi, ndefu, fupi. Nilizisoma zote bila kukosa hata moja, nikiwa nimefumba macho, machozi yanadondokea mezani, na sioni aibu kuandika hivyo. Mimi ninasikia, shemeji! Nina sikio jipya na liko kwenye vidole.

Mke wangu anasema ulipomaliza kuita waliruka watu kutoka kila upande kukujibu, kelele tupu, kila mmoja anataka awe wa kwanza. Nikawapita wote. Na nataka ujue jambo moja. Miaka yote nimegonga herufi zile nikimwita kaka. Jumamosi nilizigonga kukujibu, na tangu herufi ya kwanza mkono wangu ulikuwa unakuita wewe.

Mzee Waya, hewani